Mzee Aliyesikia Nilichonyamazia

Kiogoro, Jumapili jioni

Moraa wangu,

Uko nje unamfukuza jogoo wa nyanya yako kwa kijiti, na mimi niko huku chumbani nakuandikia maneno ambayo hutayasoma mpaka meno uliyo nayo yang'oke na mengine yaote. Kesho asubuhi shangazi yako Kwamboka, dada ya baba yako, anakuja kukuchukua. Utakaa naye Nairobi. Mimi narudi shule, kidato cha tatu, nikavae tena ile sketi ya buluu kama mtu ambaye hajazaa.

Sitakuandikia habari za kunawa mikono wala za kuamkia wakubwa. Shangazi yako ana watoto wanne na wote wanajua. Tena wewe ukiambiwa jambo mara mbili unajitupa chini, kwa hiyo nimeamua nisianze.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Nyanya yako akijua atauliza kama hapa nyumbani tumeishiwa na lugha. Sababu ya kwanza ni kwamba huko unakokwenda, Kiswahili ndicho kitakachokulea. Sababu ya pili ndiyo ya kweli. Kwa Ekegusii siwezi. Nimejaribu wiki nzima, na kila nikianza namwona tata, yaani baba yangu, babu yako, amekaa mbele yangu na kofia yake magotini, na mkono unakataa. Kwetu kuna haya inayoitwa chinsoni. Kati ya mzazi na mtoto yapo mambo yasiyotajwa: habari za kitanda, habari za mimba, nani analala kwa nani. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, hata mvua ya mawe ikimkuta mlangoni. Binti hamwambii baba yake kwamba ana mume. Maneno ya namna hiyo hupitia kwa nyanya au kwa mama, tena kwa kuzunguka. Kiswahili na Kiingereza nilifundishwa na walimu, ambao si baba zangu. Ndani ya lugha hizo naweza kupumua.

Nilikuwa na miaka kumi na sita nilipokwenda Gesima kwa baba yako. Momanyi alikuwa fundi wa mawe, anajenga darasa jipya shuleni kwetu. Aliniomba maji ya kunywa. Kesho yake akaniuliza jina. Baadaye nikawa nampelekea maji bila kuombwa, na wenzangu wakaniita bomba. Mimi ni mtu wa kuona aibu, Moraa. Darasani nikijua jibu nilikuwa naliandika kwenye kiganja na kukifunga. Baba yako alikuwa mtu wa kwanza aliyekifungua kile kiganja akasoma. Sijui namna nyingine ya kukueleza kwa nini nilimfuata.

Tulifika Gesima jua likizama kwenye majani chai. Mama yake alikuwa hai wakati ule. Alinitazama miguu, akatazama sare ya shule iliyokuwa ikichungulia chini ya leso, akasema, "Huyu anajua kusonga ugali, ama anajua kuandika tu?"

Nikasonga. Ukawa na mabonge. Akaula wote, akafuta mikono, akasema, "Mabonge ni ya mgeni. Wiki ijayo hutakuwa mgeni."

Na kweli sikuwa. Nilikandika kuta za nyumba yetu kwa mikono hii. Nilipanda sukuma wiki nyuma ya jiko. Baba yako alinichongea kirafu cha vitabu kutoka kwa mbao za boksi, akasema nitarudi shule akishapata kazi ya kudumu, na mimi nikaamini kwa sababu alikuwa ameshapigilia misumari. Chini ya kitanda nilimweka kuku wetu mwekundu alalie mayai. Kuku yule alikuwa mkali kuliko mbwa. Ukiangusha kijiko karibu na kitanda unakiacha mpaka atoke kunywa maji.

Wewe ulikuwa tumboni wakati mzee Nyamweya, jirani yetu, alipouawa. Alikutwa asubuhi kwenye mpaka wa chai, amekatwa kwa panga. Siku iliyotangulia, ng'ombe wake walikuwa wameingia kwenye chai ya baba yako na wakatukanana mbele ya watu. Mimi usiku ule sikuwa Gesima. Nilikuwa nimekwenda kliniki Nyamira kwa ajili yako, mvua ikanizuia, nikalala kwa rafiki. Niliporudi nikakuta polisi na umati, na baba yako ameshafungwa pingu. Alipita mbele yangu akasema tu, "Chakula kiko kwa sufuria." Hilo ndilo neno la mwisho aliloniambia bila askari kusimama katikati yetu.

Nani alimuua mzee Nyamweya, sijui. Sitaki ukue ukimchukia mtu kwa neno langu. Nakuambia yale niliyoyaona tu.

Mama mzaa baba yako alikufa mwanawe akiwa rumande. Mimi nilirudi hapa Kiogoro, ukazaliwa. Kesi ilipofika korti kubwa mjini, ile ya jaji, ulikuwa umeanza kutambaa. Nyanya yako alinipeleka kwa duka la Mhindi karibu na soko akaninunulia viatu vya kufunga. Mwenye duka akauliza, "Arusi?" Nyanya yako akasema, "Ni vya shule tu." Hakuna aliyetaja korti.

Sasa nikueleze jambo ambalo shuleni hawakutufundisha. Katika kesi ya mauaji jaji hakai peke yake. Kando yake, chini kidogo, hukaa watu watatu wanaoitwa wazee wa baraza. Si mawakili, si polisi. Ni raia wa sehemu ile walioitwa wasikilize kesi tangu mwanzo hadi mwisho. Wakitaka wanamwuliza shahidi swali. Mwishoni kila mmoja anasimama na kusema kwa mdomo wake, mbele ya wote, kama anamwona mshtakiwa ana hatia au hana. Jaji anaweza kutoka mbali, asijue kwetu mtu huamkiwaje. Wao wanajua. Ndiyo kazi yao. Ila neno lao halimfungi jaji, na hilo sikulijua.

Mmoja alikuwa mwalimu mstaafu mwenye miwani. Wa pili alikuwa mzee wa kanisa la Sabato aliyefumba macho tangu asubuhi, na watu wakadhani amelala. Wa tatu alikuwa Mzee Onchari, mfanyabiashara wa vinyago vya mawe vya Tabaka, mtu wa tumbo na suti ya kahawia, anayewauzia wazungu viboko na vifaru. Huyo hakuwa na subira. Wakili akirudia swali, Onchari alipumua kama fahali mpaka jaji akamtazama.

Shahidi mkubwa wa serikali alikuwa Ombati, ndugu ya babu yako wa Gesima aliyekwisha kufa. Kwetu ndugu ya baba ni baba, hakuna mdogo wala mkubwa. Ombati akasimama, akaapa, akasema: "Asubuhi ile polisi hawajafika, niliingia kwa nyumba ya Momanyi. Nikainama chini ya kitanda. Hakukuwa na kitu kingine, ni panga tu. Nikalivuta. Lilikuwa na damu."

Watu kwenye mabenchi wakaguna wote pamoja. Jaji akainua kichwa kutoka kwenye maandishi yake akauliza kuna nini. Hakuna aliyemjibu. Hata karani wa kutafsiri alikohoa akatazama viatu vyake. Angemwambia nini, na kwa maneno gani?

Mzee Onchari akaomba kuuliza.

"Ombati, huyu kijana ni nani kwako?"

"Ni mtoto wa ndugu yangu."

"Basi ni mwanao."

"Ni mwanangu."

"Na wewe ukaingia nyumba ya mwanao. Ukafika mpaka kitandani."

"Hiyo si nyumba," Ombati akasema. "Ni esaiga." Esaiga ni kibanda cha kijana asiye na mke. Humo mzee akiingia, watu hawashtuki.

"Hana mke?"

"Sijaona ng'ombe wa mahari wakitoka kwetu. Wewe uliwaona?"

Watu wakacheka, na Onchari mwenyewe akacheka. "Mimi nafuata mawe," akasema. "Ng'ombe hunipita."

Lakini hakuna aliyekosa kuelewa, isipokuwa jaji. Kama ile ilikuwa nyumba ya mke, basi ama Ombati alivunja mwiko ambao mzee wa rika lake hauvunji hata nyumba ikiungua, ama hakuingia kabisa, na panga lilitoka kwingine. Uhai wa baba yako ukaning'inia juu ya jambo moja: kama mimi nilikuwa mke wake. Mama yake aliyenipokea alikuwa kaburini. Majirani wa Gesima ni ukoo mmoja, na hakuna aliyetaka kusimama kati ya Ombati na mwanawe. Nilibaki mimi.

Wakili wa baba yako akaniita. Karani akauliza nitasema kwa lugha gani, Kiingereza, Kiswahili au Kikisii. Tata alikuwa benchi la mbele, na kofia yake magotini. Nikasema Ekegusii, ili asidhani nimeringa.

Ukitaka kujua nilikosea wapi, nilikosea hapo, kabla sijaulizwa chochote.

"Kabla ya mshtakiwa kukamatwa, ulikuwa unaishi wapi?" wakili akauliza.

"Gesima."

"Kwa nani?"

"Kwa watu."

Wakacheka. Mwanamke nyuma yangu akasema polepole, "Watu hao ndio walimpa mimba."

"Ulikuwa mke wa mshtakiwa?"

Nikanyamaza.

Akarudia. Nikanyamaza. Jaji akazungumza kwa Kiingereza, kwa upole kabisa, kwamba nisiogope, hakuna wa kunidhuru, nijibu ndiyo au la. Nilimwelewa kabla karani hajafungua mdomo. Nilikuwa na jibu kwa lugha tatu, Moraa. Nilikuwa na nyumba niliyoikandika, nilikuwa na mabonge ya ugali, nilikuwa na kuku chini ya kitanda ambaye angemng'oa Ombati macho kabla hajagusa panga lolote. Wewe mwenyewe ulikuwa nje mgongoni kwa nyanya yako, unalia. Nikamtazama baba yako kizimbani. Alikuwa amekonda mpaka masikio yamekuwa makubwa. Nilitaka anipe ishara. Naye akainamisha kichwa akatazama sakafu, kwa sababu baba yangu alikuwa pale, na yeye pia alikuwa na chinsoni zake.

Jaji akaandika. Nikaambiwa nishuke.

Siku ya wazee kutoa maoni nilikwenda, nikasimama karibu na mlango. Mwalimu mstaafu alisema ana hatia. Panga ni panga, hayo mengine ni desturi. Mzee wa Sabato akafumbua macho akasema, "Hana hatia," akakaa. Halafu Onchari.

"Hana hatia," akasema. "Yule mzee hakuingia mle ndani. Ile ni nyumba ya mke."

Jaji akamwuliza hilo amelitoa wapi, maana msichana hakujibu.

"Alijibu, mheshimiwa. Msichana ambaye hajalala kwa nyumba ya mtu, ukimwuliza mbele ya baba yake, atasema hapana haraka kabla hujamaliza. Huyu alinyamaza. Nikamtazama kijana, ameinama. Nikamtazama baba ya msichana, amegeuzia ukuta uso. Hiyo ni ndoa. Imekosa ng'ombe tu."

"Mzee," jaji akasema, "kimya hakiandikwi."

"Najua. Ndiyo maana mliniita."

Watu hawakucheka. Mimi nilishika fremu ya mlango. Hakuna mtu aliyewahi kunisikia hivyo, isipokuwa baba yako na kile kiganja. Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba atatoka. Nilifua nguo zako zote. Nilitoa shati lake moja nililokuwa nalo nikalianika.

Hukumu ilipokuja, jaji aliwashukuru wazee wa baraza. Alisema amepima maoni yao kwa makini, lakini maoni ya mmoja wao yamesimama juu ya jambo ambalo shahidi hakulisema, na yeye hawezi kujenga hapo. Hakuwa mtu mbaya. Nimemfikiria sana na sijaweza kumchukia. Alikuwa amekaa mbele yangu akingoja neno moja, na sikumpa. Kwa kosa la kuua, sheria haimwachii jaji adhabu ila moja, ya kunyongwa. Akaisema.

Nje nilikutana na Mzee Onchari kwenye ngazi, anafunga vifungo vya koti. Akanitambua.

"Binti, mimi nilikusikia," akasema. "Lakini kalamu haikuwa kwangu."

Kwa hiyo usije ukafikiri nakukataza kuona haya. Haya ni yetu, na mtu asiye nayo ananitisha. Ila nimeona kwamba kimya changu kilikuwa na maana kwa watu wa kwetu tu. Kikivuka meza moja kinakuwa si kitu. Na wewe utaishi kati ya watu wasiojua tunavyonyamaza. Mimi nilidhani anayenipenda ataelewa, na alielewa, na haikusaidia.

Namkumbuka baba yako vibaya sana saa ambazo hakuna sababu. Nikiona fundi anapima ukuta kwa uzi. Nikisikia mtu akila hindi la kuchoma na kuhesabu mistari kwanza, kama alivyokuwa akifanya. Mimi sijaruhusiwa kwenda kumwona. Tata alisema nikitaka kurudi shule, mambo ya Gesima yaishe, na mtoto aende kwa ukoo wake. Nilikubali hayo pia kwa kunyamaza. Baba yako anakufahamu kwa barua za shangazi yako tu. Kwamboka anasema kila akienda gerezani anaulizwa kama umetembea, kama una vishimo vya mashavu. Sasa Kwamboka atakupeleka, naye atakuona kupitia wavu.

Bado kuna rufani. Kwamboka alipokuja mwezi uliopita alinivuta nyuma ya choo akaniambia wakili amesema hivi: ni mara chache sana korti ya rufani kumsikiliza shahidi upya, lakini inaweza kuombwa. Sharti niende mwenyewe, niape, niseme nyumba ilikuwa ya nani na chini ya kitanda kulikuwa na nini. Yatasomwa kwa sauti. Yatafika hapa.

"Sikulazimishi, mke wa ndugu yangu," akasema. "Utanipa jibu nikija kumchukua mtoto."

Aliniita hivyo, mke wa ndugu yangu, na kuku wakiparura miguuni petu. Kesho ndiyo anakuja, na sina jibu. Nimekuandikia yote haya nikitumaini kwamba nikifika hapa chini ya ukurasa nitalikuta.

*

Nimerudi. Wino umekauka katikati, utaona alama.

Nilikwenda jikoni. Mama alikuwa anachambua mboga. Tata alikuwa amekaa karibu na moto, viatu vya shamba bado miguuni. Nikasimama mlangoni nikasema, kwa Ekegusii, "Tata."

"Mm."

"Nyumba ile ya Gesima ilikuwa yangu."

Hayo tu ndiyo niliyoweza. Sikutaja mume, sikutaja kitanda. Mama aliacha kuchambua. Tata akageuza uso ukutani, vilevile kama siku ile kortini, na mimi nikaona shingo yake ilivyozeeka. Nikangoja anifukuze. Wewe ukaingia na kijiti chako, ukampiga nacho gotini ili akupishe, akakupisha.

Halafu akasema, lakini si na mimi. Alisema na mama, kumbe habari ya rufani ilikuwa imeshamfikia.

"Mama Kemunto, huyo mgeni wa kesho akija, mwambie watu wake bado hawajafika kwangu. Hata na ndama mmoja. Sidai. Lakini binti hasimami mbele ya majaji kutaja nyumba ambayo wazee wake hawajakaa na mimi."

Mama akashika mboga tena. "Nimwambie waje lini?"

"Kabla ya hiyo rufani."

"Na shule?"

"Shule ilimkimbia nani?" Akavua kiatu kimoja. "Huyo mtu wa mawe, yule wa tumbo, nilitaka kumsalimia siku ile. Nikaona haya."

Sijui kama majaji watanisikiliza. Wakili mwenyewe hakuahidi. Inawezekana utakapoisoma barua hii baba yako atakuwa amekaa kando yako akikusahihisha matamshi, na inawezekana hatakuwepo, na utajua kwamba nilisema, ijapokuwa nilichelewa. Kesho nitafunga mizigo miwili, wako na wangu mdogo. Nitakusindikiza mpaka kwa wakili, halafu tutaachana hapo, na sitaki kuandika habari ya hapo.

Jambo moja tu nimekufundisha jioni hii. Kwamboka anasema langoni pa gereza askari huuliza kila mtu, hata watoto, wamekuja kumwona nani. Nimekuita ndani, nimekukalisha juu ya kitanda, nikakuuliza, "Huyo unayekwenda kumwona ni nani wako?" Ukaficha uso kwapani kwangu. Wewe ni mtoto wangu kweli. Nikakuuliza tena. Ukanong'ona, "Tata." Nikasema sijasikia. Ukasema. Nikasema bado sijasikia, na askari yuko mbali. Ukavuta pumzi ukaita mpaka babu yako akaitika kule jikoni, akidhani ni yeye anayeitwa.

Mimi niliyekuzaa,
Kemunto